Kwa mnaoanza kazi katika miradi ya elimu: ufunguo wa kabati uko kwa nani?

Wengi wenu mtaanzia katika ofisi za Westlands au Kilimani jijini Nairobi, ambako ripoti inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajaingia darasani hata mara moja. Nami nilianza hivyo. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwamba shule moja ya Mukuru, mtaa wa mabanda jijini humo, ilikuwa imepata vitabu vya kutosha, kila mtoto na chake, kwa kuwa hati ya kupokelea mzigo ilikuwa na sahihi na muhuri. Miezi minne baadaye nilifika huko, nikakuta watoto watatu watatu wakichungulia kitabu kimoja kilichonyofoka kurasa za mwanzo, ilhali vipya vilikuwa katika kabati la chuma, vingine vikiwa bado ndani ya nailoni, na ufunguo u mfukoni mwa mwalimu mkuu. Hakuwa mwizi. Alinieleza kwamba kitabu kikipotea huulizwa yeye, lakini hakuna mkaguzi aliyewahi kumuuliza kama kuna mtoto aliyekisoma. Fomu tulizokuwa tukimpelekea ndizo zilizomfundisha hivyo.

Kitabu kutoka kabatini nako si mwisho wa safari. Uchunguzi wa mwanauchumi Michael Kremer na wenzake katika shule za magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vitabu vilivyogawiwa viliinua alama za wanafunzi waliokuwa tayari wakifanya vizuri, wengine wakabaki walipokuwa, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiingereza ambacho wengi hawakukimudu. Mradi wa kusoma wa Tusome, ulioanza 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, na zaidi ya hapo maafisa wa elimu waliingia darasani na tableti zao, wakamtazama mwalimu akifundisha, kisha wakawasikiliza watoto wachache wakisoma. Kwa maoni yangu, hilo la kusikiliza lilikuwa na thamani kuliko malori yote ya vitabu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Karo ya shule za msingi ilipofutwa Januari 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na wafadhili wakachangia kwa moyo. Ila fedha za mpango huo wa elimu bila malipo zilipogunduliwa kuwa zimefujwa, Uingereza ilisimamisha msaada wake mwishoni mwa 2009, na Marekani ikafuata. USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilifunga shughuli zake Julai 2025. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wowote, ulizeni ni nani atakayelipia uji, mafuta ya pikipiki ya afisa na vitabu vya kujazia vilivyochakaa mfadhili akishaondoka. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha wanafunzi nchini mwaka 1980 na kuikabidhi serikali kazi hiyo 2018, baada ya kujiondoa hatua kwa hatua kwa miaka kadhaa.

Mkienda shuleni, salimieni ofisini, tieni sahihi katika kitabu cha wageni, kisha ombeni kuketi dawati la nyuma kabisa kwa kipindi kizima. Mwombeni mtoto wa hapo awasomee mstari mmoja. Na kama hana kitabu, andikeni hivyo hivyo, hata meneja akiuliza mbona hesabu yenu haiwiani na hati.