Vitabu Saba vya Masika: Nimefika Wiki ya Nane

Tarehe 15 Machi nilipanga vitabu saba kando ya kitanda, nikajiahidi kuvimaliza kabla ya Mei kwisha. Leo niko wiki ya nane kati ya kumi na moja. Nimemaliza vitatu, cha nne niko katikati, na kimoja nimekirudisha kabatini kwa makusudi kabisa. Nakuandikia wewe uliyejiwekea ahadi ya namna hii na sasa unapita karibu na vitabu vyako bila kuvitazama.

Kosa langu lilikuwa kupanga vitabu bila kupanga saa. Niligawanya kurasa zote kwa siku, nikapata kama kurasa ishirini kila siku, nikaona ni chache. Sikujiuliza nitazisomea wapi, saa ngapi, na akili ikiwa imechoka kiasi gani.

Ushauri unaotolewa sana hapa Dar ni kusoma garini. Nakaa Kimara na kazi yangu iko Posta, kwa hiyo niliuamini. Lakini garini wakati wa masika kuna mambo yake. Madirisha yamefungwa, vioo vimejaa mvuke, mwavuli wa jirani unakuchuruzikia mguuni, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umekumbatia begi. Wiki mbili za kwanza nilisoma kurasa kumi na moja. Ushauri huo utafaa kiangazi, kama umebahatika kupata kiti.

Saa yangu niliipata mahali ambapo sikuitafuta. Mvua ikikesha, maji ya mto Msimbazi hujaa Jangwani, kwenye njia yetu ya mjini, na anayetoka nyumbani saa kumi na mbili hajui atafika mjini saa ngapi. Kwa hiyo kila masika natoka saa kumi na moja alfajiri. Nafika saa kumi na mbili na ushee, na kazi inaanza saa mbili. Mlinzi ananifungulia, mama wa chai upande wa pili wa barabara ndiyo kwanza anawasha jiko. Karibu saa moja na nusu ya kimya, kila siku ya kazi, na miaka yote niliimalizia kwenye simu.

Hapo ndipo niliposomea *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Nilikuwa nimeisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na nilikuwa nimeisoma vibaya. Karama anasimama mbele ya baraza la nchi inayoelea hewani na kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Ukiwasoma kwa mkupuo, ukifika wa nne umeshawachanganya. Mimi nilimpa kila mjumbe asubuhi yake. Nilifunga kitabu saa mbili kasorobo, nikafanya kazi siku nzima huku mtu huyo mmoja yuko kichwani: amesafiri, ameona jambo la kuwafaa watu wake, amerudi, na alichopata ni adhabu. Ukimbeba mtu kama huyo mchana kutwa, jioni unakuwa na hoja naye. Siku nane, pamoja na mwanzo na hukumu, kitabu kikaisha, na sikumbuki kujilazimisha hata mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujachagua kitabu, tafuta saa ambayo msimu wenyewe unakupa, kisha tafuta kitabu kinachoenea ndani ya saa hiyo.

Saa ya pili ilikuja na kukatika kwa umeme. Mama yangu anaishi nasi tangu mwaka jana. Ana mtoto wa jicho na hawezi tena kusoma. Usiku mmoja wa mwezi wa nne, taa zimezimika na mvua inapiga bati, nilikuwa nasoma *Kuli* ya Adam Shafi kwa tochi. Akauliza, "Unasoma nini?" Nikamwambia ni habari za makuli wa bandarini Unguja, na mgomo wa mwaka 1948. Akanyamaza kidogo. "Basi soma nisikie."

Mama ni mzaliwa wa Unguja, na baba yake alibeba mizigo bandarini. Nilijua, lakini nilijua kama unavyojua jina la kijiji ambacho hujawahi kufika. Nilisoma kwa sauti kurasa mbili tatu, akanikatisha: "Rudia hapo." Nikarudia. Akaomba gunia. Nikamletea lile la mkaa lililokuwa tupu, nikalikung'uta. Akalishika gizani, akaisukuma pembe moja ya chini ndani ya nyingine mpaka zikalala pamoja, likawa kama kofia ndefu inayofunika kichwa na kushuka mgongoni. Akanivalisha. "Hivi ndivyo babu yako alivyotoka asubuhi, mvua isimuingie na mzigo usimchune."

Kuanzia usiku ule hatukuvuka kurasa kumi kwa siku. Kwa hesabu yangu ya Machi, *Kuli* iliniharibia mpango wote, kwani ilichukua zaidi ya wiki tatu. Nami nasema bila kusita kwamba hakuna kitabu nilichokisoma vizuri hivyo maishani mwangu. Kama nyumbani kwako kuna mzazi, mtoto au mwenza anayependa kusikiliza, toa kitabu kimoja katika orodha yako umsomee. Soma polepole, na ukikatishwa, acha ukatishwe.

*Nagona* ya Kezilahabi ndiyo niliyoirudisha kabatini. Ni kitabu chembamba, na wembamba wake ndio ulionifanya nikiweke kwenye orodha nikidhani nitakimaliza Jumamosi moja. Hakiendi kwa njia iliyonyooka. Kinataka akili iliyopumzika, na msimu huu sina saa ya namna hiyo. Kinasubiri kipupwe. Kuahirisha kitabu kwa sababu unakiheshimu ni jambo jingine kabisa na kukikimbia.

Cha tatu nilichomaliza ni *Mzimu wa Watu wa Kale*, Jumamosi mbili za mvua zikatosha.

Jambo la maji nalo nilijifunza kwa uchungu. *Kuli* ilikuwa ya kuazima, na ililowa begini nilipokuwa navuka barabara. Usiianike juani, kurasa zitajikunja na gundi itaachia. Niliweka karatasi za gazeti kila baada ya kurasa chache, nikazibadilisha asubuhi na jioni, nikakisimamisha mbele ya feni, kisha nikakilaza siku mbili chini ya ndoo ya unga. Alama ya maji imebaki kwenye jalada, na mwenye kitabu nilimwambia ukweli. Sasa nabebea kitabu ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko, la chakula, na hakijaingiwa na hata tone.

Orodha yangu nimeishusha hadi vitabu vitano. Kwenye daftari sijazi tena idadi ya kurasa. Naandika tarehe, mahali nilipoishia, na neno moja nililokutana nalo. Asubuhi niko na *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis aliileta kwa Kiswahili mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Nobeli. Yusuf ameshatolewa kwa Aziz kufidia deni la baba yake, na msafara unaelekea bara. Cha tano, cha usiku, amekichagua Mama mwenyewe kwa jina lake tu: *Nyota ya Rehema*. Tunakianza kesho, umeme uwepo usiwepo.