Nilitumwa kusomea mpunga, nikarudi na mkate

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Ni chakula gani ulichokionja ugenini kikakataa kukutoka mawazoni, na je, umewahi kukipika nyumbani kikakubali?"

Jibu langu litawaudhi kidogo walionilipia nauli. Mimi ni afisa kilimo, bibi shamba kama wakulima wanavyoniita, na eneo langu ni mashamba ya mpunga ya hapa chini ya Moshi. Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa Tsukuba, mji ulioko kaskazini-mashariki ya Tokyo, kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga. Miezi minane nilihesabu machipukizi ya mpunga na kupima kina cha maji, na wali nimeula wa kila namna. Kilichoniteka ni sandwichi ya mayai.

Kule huiita tamago sando. Tamago ni yai, na sando ni sandwichi iliyokatwa mkia. Utaikuta kwenye viduka vyao vinavyokesha, konbini, kama vile Lawson, 7-Eleven na FamilyMart, imefungwa kwenye karatasi ya plastiki yenye umbo la pembetatu. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili asubuhi, nasubiri treni ya kwenda Akihabara, safari ya kama dakika 45. Niliichagua kwa sababu ndicho kitu pekee ndani ya friji ile nilichokitambua kwa macho. Mkate ulikuwa mweupe kama pamba, umenyolewa maganda yote, wa baridi. Katikati kulijaa mayai ya rangi ya manjano mpauko, yamefika mpaka ukingoni. Nilipouma sikusikia mkate umeishia wapi na yai limeanzia wapi. Nilirudi dukani nikanunua ya pili, na treni ikaniacha.

Nyumbani nilidhani ni jambo la nusu saa. Mkate upo, mayai yapo, mayonezi ipo dukani. Nilichukua mkate wa slesi wa hapa mtaani, nikachemsha mayai, nikaponda, nikachanganya na mayonezi nusu chupa, nikakata. Mkate ulibomoka kama udongo mkavu. Palipolowa paligeuka tope, pasipolowa palikuna koo. Mwanangu alikula kipande kimoja kwa adabu, akauliza kama kuna chapati.

Ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa nahangaika na yai wakati tatizo lilikuwa mkate.

Mkate wa Kijapani wa slesi unaitwa shokupan. Hilo pan wamelitoa kwa Wareno, kama sisi tulivyochukua kwao meza na leso. Hata karata zetu na karuta yao, chanzo cha neno ni kimoja. Baada ya vita vya pili watoto wao wa shule walikua wakipewa mkate na maziwa mchana, ngano ikitoka Marekani, na mkate ukapata makao kwenye nchi ya wali. Ila waliufanya uwapendeze wao, watu waliozoea kutafuna kitu laini chenye unyevu. Dukani huuzwa kwa idadi ya vipande: mkate uleule umekatwa vipande 4, 5, 6 au 8, nawe unachagua unene. Wa sandwichi hukatwa wembamba zaidi.

Sasa siri ya ulaini wake. Mwenzangu mmoja wa bwenini, mama wa Kijapani aliyekuwa akifundisha upishi jioni, alinionyesha. Alipima gramu 60 za unga wa ngano, akamimina gramu 60 za maji yanayotokota, akakoroga kwa mwiko mpaka likawa donge zito lenye kunata. Akalifunika, likalala kwenye friji usiku kucha. Kesho yake akalichanachana ndani ya unga uliobaki. Njia hii huitwa yudane. Maelezo yake ni kwamba wanga ukiiva kwa maji ya moto hunywa maji mengi kuliko unga mbichi unavyoweza, na maji hayo hayatoki kirahisi hata mkate ukishaokwa. Ndiyo maana mkate wao siku ya tatu bado unabonyea.

Nilipofanya hivyo jikoni kwetu, Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha. Akainua macho. "Mwanangu, huo si ugali?"

Ni ugali, Mhariri. Ugali mdogo wa ngano, umesongwa ukalazwa. Nilipanda ndege kwenda kufundishwa kusonga ugali.

Vipimo vyangu kwa mkate mmoja: ule ugali wa gramu 60 kwa 60, unga mwingine gramu 240, maziwa ya uvuguvugu mililita 150, sukari vijiko viwili vya mezani, chumvi kijiko kimoja cha chai bapa, hamira kijiko kimoja cha chai, na siagi gramu 20 ambayo huingia mwishoni, baada ya donge kushikana. Hapo kanda. Usikande kama wa maandazi ukaacha mkono ulipochoka. Kanda dakika 20 kamili. Utajua umefika ukichukua kidonge ukakivuta kwa vidole kikatanuka chembamba mpaka ukaona mwanga upande wa pili bila kuchanika. Acha uumuke mpaka uwe mara mbili, gawa mafungu matatu, viringisha, panga kwenye kopo refu la kuokea mkate lililopakwa siagi, acha uumuke tena mpaka ubakize kama upana wa kidole kufika juu.

Mkate wa sandwichi huokwa umefunikwa ili uwe mraba. Kopo lenye kifuniko sikulipata, nikaweka trei na tofali juu. Mkate ulipoumuka ndani ya oveni ulilisukuma tofali kando, nikasikia kishindo, na nilipofungua mlango nikakuta mkate umechungulia kwa upande mmoja kama fuko. Mara ya pili umeme ulikatika kabla hata sijaanza. Mama hakusema neno. Aliwasha jiko la mkaa, akapunguza moto wa chini, akaweka kopo, akalifunika kwa bati, akapalia makaa juu ya bati. Juu mengi, chini machache, kama alivyooka keki zetu zote za utotoni. Dakika 35. Ulitoka mraba, rangi ya kahawia pande zote, juu tambarare kama meza, na hakuna popote palipoungua ila kona moja. Tangu siku hiyo oveni naitumia kukausha vyombo.

Usiukate ukiwa wa moto. Subiri upoe kabisa, ikiwezekana kesho yake, halafu kata vipande vyembamba kiasi cha sentimita moja na nusu.

Mayai sasa. Ya kisasa yana kiini cheupe-cheupe. Ya kienyeji kiini chake kimekolea kwa majani kuku wanayokula, nayo ndiyo hutoa ile rangi. Kwa kuwa ni madogo, natumia 6 mahali pa 4. Ila yai la kienyeji lililotoka kwenye kiota leo asubuhi ni adhabu kulimenya, ute unashikana na ganda unang'oka nalo. Liache wiki moja. Hewa ya ukaa hutoka taratibu kupitia vitundu vya ganda, ute unabadilika, na ganda linaachia. Yatie kwenye maji yanayochemka tayari, dakika 11 (sisi wa Moshi tuko juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo wa Tanga na Mombasa wapunguze dakika moja), kisha moja kwa moja kwenye maji ya baridi sana. Ukizembea hapo utapata ule mviringo wa kijani kuzunguka kiini. Hauna madhara, ni salfa ya kwenye ute imekutana na chuma cha kwenye kiini, lakini unanuka na unaharibu rangi.

Tenga viini na weupe. Viini ponda mpaka vilainike, tia mayonezi vijiko vitatu vya mezani, maziwa kijiko kimoja cha chai, sukari nusu kijiko cha chai, chumvi ya kuonja. Weupe ukate kwa kisu vipande vidogo, usiuponde, ndipo uchanganye. Wanaoponda vyote pamoja hupata kitu kama chakula cha mtoto anayeota meno.

Kuhusu mayonezi, mtaambiwa haiwezekani bila Kewpie. Hiyo ni mayonezi ya Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Mwanzilishi wake, Nakashima Toichiro, alikuwa ameionja mayonezi Marekani, naye akaitengeneza kwa viini peke yake. Ni nzito zaidi, na ni tamu, sibishi. Lakini bei yake huku ni ya kununulia trei nzima ya mayai. Mimi naongeza kiini kimoja cha ziada kilichochemshwa kwenye mayonezi ya kawaida, na matone machache ya ndimu. Tofauti iliyobaki naivumilia. Wanaotaka kujitengenezea mayonezi kwa viini vibichi, sitawashauri. Wajapani humwagia yai bichi kwenye wali wa moto na kula, na tarehe iliyopigwa kwenye trei zao ni ya mwisho wa kuliwa likiwa bichi. Mayai yao huoshwa na kukaguliwa kwa ajili hiyo. Letu limetoka kwenye banda na kinyesi juu yake. Lichemshe.

Kupanga: paka siagi nyembamba kwenye mkate hadi ukingoni ili unyevu wa mayai usipenye. Jaza mayai, rundika katikati zaidi kuliko pembeni. Funika, zungushia plastiki au kitambaa chenye unyevu, weka sahani juu, acha robo saa. Kisha ndipo ukate maganda, ukifuta kisu kila unapokata.

Na hapo ndipo nilipogombana na Mama. Kukata maganda ya mkate na kuyaweka pembeni, mbele ya mtu aliyewahi kupanga foleni ya unga miaka ya themanini mwanzoni! Aliyakusanya kwenye sahani akaniuliza, "Haya nayo Wajapani wanayatupa?" Nikamwambia hawatupi. Wanayaita mimi, yaani masikio ya mkate, huyakaanga kwenye mafuta na kuyanyunyizia sukari. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mimi ni sikio?" Kisha akabandika karai. Watoto wa jirani wamejua siku zangu za kuoka. Hawaji kwa ajili ya sandwichi, wanakuja kwa ajili ya masikio.

Niseme pia kwamba ipo ya aina nyingine. Nilipokwenda Osaka nililetewa sandwichi yenye kimanda kinene kama kitabu, cha moto, kimetiwa supu ya samaki na kupakwa haradali. Wa kule huapa kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Ni nzuri, lakini nikitaka kimanda na wanga, chipsi mayai iko hapo nje ya geti.

Mama hula yake kila Jumamosi. Anaifungua, anapaka pilipili ya kusaga juu ya mayai niliyoyahangaikia siku mbili, anaifunga, anachovya kwenye chai ya rangi. Mimi hujifanya naangalia mchicha.

Msomaji wenu,
Bibi shamba, Moshi