Kwa Nini Sangara wa Shaba Hang'ai Katika Picha ya Mwisho?

SWALI: Ninachonga sanamu za kidijitali kwa Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, hapa Kisumu. Mteja mwenye mkahawa ameniagiza sangara wa shaba kwa ajili ya bango lake. Ninapochonga anang'aa vizuri, lakini nikitoa picha ya mwisho anafifia na kuwa kijivu kama plastiki, hata nikiongeza taa. Nifanyeje?

JIBU: Tatizo haliko kwenye taa. Madini yaliyosuguliwa hayaonyeshi karibu chochote ila vitu vinavyoyazunguka, nayo shaba hutia tu wekundu wake juu ya akisi hizo. Mazingira ya Blender huanza yakiwa kijivu kitupu, kwa hiyo sangara wako anaakisi ukijivu huo. Mng'ao uliouona wakati wa kuchonga yaelekea ulitokana na matkapu, yaani picha ya tufe lililokwisha kutiwa mwanga, ambayo programu huibandika juu ya umbo kwa kufuata jinsi kila sehemu inavyoelekea kamera. Matkapu ni msaada mkubwa wa kukagua mikunjo, lakini haiingii katika picha ya mwisho.

Unachohitaji ni picha ya HDRI ya mandhari ya nyuzi 360, yaani picha inayohifadhi tofauti kubwa ya mwanga, kuanzia kivuli kizito hadi jua lenyewe. Katika sehemu ya World, chagua Environment Texture kwenye rangi, kisha upakie faili ya .hdr au .exr, tovuti ya Poly Haven huzitoa bure, hata kwa kazi za biashara. Ukipenda mandhari ya ufuo wa Dunga wenyewe, usitegemee JPEG moja ya simu, kwa sababu kila rangi humo ina viwango 256 pekee, hivyo jua na wingu jeupe lililo kando yake huandikwa kwa thamani ileile na lile doa kali linaloipa shaba uhai hupotea. Weka kamera kwenye tripodi, upige kila upande mara kadhaa, kuanzia picha yenye giza hadi yenye mwanga mwingi, kisha uziunganishe. Piga asubuhi au jioni, kwani huku kwetu karibu na ikweta jua la adhuhuri hukaa utosini na kuangaza mgongo wa samaki tu.

Jambo linalowapita wengi ni hili: ubavu unaoielekea kamera huakisi kilicho nyuma ya kamera, wala si kile unachokiona nyuma ya samaki. Unganisha nodi (visanduku vya mipangilio vinavyounganishwa kwa nyaya) za Texture Coordinate na Mapping, uzungushe mandhari kwenye Z polepole, huku ukitazama magamba ya ubavuni, mpaka kila gamba lishike mwanga ukingo mmoja na giza ukingo wa pili. Fanya hivyo katika hali ya Rendered, inayoonyesha mwanga kama utakavyokuwa katika picha ya mwisho, maana hali ya Material Preview hutumia mandhari yake yenyewe usipoiwashia Scene World.

Katika mipangilio ya shaba yenyewe, Metallic (kiasi cha umetali) iwe 1. Roughness (ukwaru wa uso) ningeianzia 0.2, na jicho nilipunguzie zaidi. Kwa kuwa picha inakwenda kwenye bango, washa Transparent katika sehemu ya Film: mandhari yataondoka nyuma ya samaki, lakini akisi zitabaki mwilini mwake.