Jibu: Pikapu ya 1965, nianze na injini au breki?
Habari mkuu. Umeuliza kama hiyo pikapu ya tani moja ya 1965 unayotaka kununua uibadilishie injini kwanza, maana haivuti. Injini iache. Ingia uvunguni na bisibisi, chokoa chesisi pale springi zinaposhikia. Ikizama kwenye kutu, usinunue.

Halafu breki. Pikapu nyingi za Marekani za kabla ya 1967 zina masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya chumba kimoja: bomba moja likipasuka, pedali inazama na magurudumu yote yanakosa breki. Yangu ilinifanyia hivyo mteremkoni, nikaponea gia namba mbili. Nilifunga masta ya vyumba viwili kabla hata ya kugusa kabureta (ambayo ndiyo ilikuwa chafu, injini yenyewe haikuwa na tatizo!).

Rimu za vipande (zile zenye ringi ya chuma inayoshikilia tairi) usizifungue mwenyewe. Ringi ikifyatuka inaua.