Injini Ikigoma Ugenini: Majibu kwa Wasomaji

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanazunguka jambo moja: ndege kubwa ya abiria inapoharibikiwa injini mbali na kwao, ikalazimika kufungwa nyingine huko huko. Nimeyachagua yanayowakilisha wengine.

Kwa nini wasiitengeneze pale pale? Gari likigoma njiani, fundi huja na spana zake. (Dodoma)

Huanza kwa kujaribu hivyo hivyo. Ikiwa kilichoharibika ni pampu, vali, stata au kihisio, kinabadilishwa injini ikiwa bado chini ya bawa, na ndege inaondoka. Fundi pia hupitisha kamera nyembamba kwenye matundu madogo ya ubavuni, akakagua mapanga ya ndani moja baada ya jingine bila kufungua kitu. Akikuta mapanga yameliwa na moto, au chembe za chuma ndani ya oili, hapo hakuna ujanja. Kuifumua injini kunataka karakana maalumu na chumba cha kuijaribia, na mashirika mengi ya ndege hayana hata nyumbani. Inashushwa, inafungwa nzima nyingine.

Hiyo nyingine inafikaje, hasa mahali pasipo na barabara? (Mombasa)

Hapo ndipo kwenye kazi yenyewe. Kufunga boliti ni sehemu ndogo.

Mapema Februari 2017, Boeing 777 ya shirika la Swiss ilikuwa inatoka Zurich kwenda Los Angeles. Injini moja ikazimika wakiwa upande wa kaskazini wa Kanada, nao wakatua Iqaluit, mji mdogo kwenye kisiwa cha Baffin. Hakuna barabara inayouunganisha mji huo na sehemu nyingine za Kanada, na majira hayo bahari imeganda. Abiria walitumiwa ndege nyingine. 777 ikabaki.

Injini za aina hiyo ya 777 ni GE90-115B. Feni yake ina kipenyo cha mita 3.25, na uzito wake unapita tani 8. Milango ya ubavuni ya ndege nyingi za mizigo ina kimo cha mita 3 hivi, kwa hiyo ukitaka kuipitisha hapo huna budi kuitenganisha sehemu ya feni au kuilaza kwenye kitanda maalumu. Njia ya mkato ni Antonov An-124, ndege kubwa ya mizigo ambayo pua yake hufunguka kwenda juu, ikapiga magoti mbele, na ndani ina kreni zake yenyewe. Ndiyo iliyoitwa.

Lakini injini peke yake haisaidii. Lazima ije na stendi yake, vifaa vya kuishushia, spana maalumu, mafundi walioidhinishwa kwa aina ile ya ndege, na makaratasi yake. Iqaluit hapakuwa na hanga la kutosha 777, na nje baridi ilikuwa nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Wakajenga hema kuizunguka injini, wakalipasha joto, wakafanya kazi humo. Na usisahau kwamba ile mbovu nayo lazima irudishwe nyumbani, maana hata ikiwa imekufa thamani yake ni ya mamilioni ya dola.

Jambo moja wengi hawalijui: injini isiyozunguka huumizwa na mtikisiko. Uzito wote unalalia bearingi zilizotulia, na kila shimo la barabarani linagonga mahali pale pale. Kwa hiyo husafirishwa kwenye stendi yenye vizuia mshtuko, na ikipakiwa lori, liwe lenye springi za hewa. Kwa baadhi ya barabara zetu, dereva wa mzigo huo angehitaji dua pia.

Babu yangu aliwahi kuniambia kuna ndege iliyoruka na injini tano. Alikuwa ananitania? (Unguja)

Mpe mkono babu, alisema kweli. Boeing 747, yenye injini nne, ilitengenezewa nafasi ya kuning'iniza injini ya akiba chini ya bawa la kushoto, kati ya kiwiliwili na injini ya kwanza kutoka ndani. Ile ya tano haiwashwi. Ni mzigo tu. Januari 2016 Qantas, shirika la ndege la Australia, ilikuwa na 747 iliyokwama Johannesburg, ikaipelekea injini kwa njia hiyo, kwenye safari ya kawaida kutoka Sydney yenye abiria ndani. Kwa kuwa mzigo ule huongeza ukinzani wa hewa na ulaji wa mafuta, walipita Perth kujaza. Mimi naona ndiyo mbinu safi kuliko zote, na inasikitisha kwamba ndege za injini mbili za leo zimeiua.

Kazi yenyewe ni saa ngapi? (Kisumu)

Hangani, kila kitu kikiwa tayari, kikosi chenye uzoefu kinaweza kumaliza ndani ya siku moja. Nje, hesabu siku kadhaa.

Vifuniko vya pembeni hufunguliwa. Mabomba ya mafuta, ya haidroliki na ya hewa ya moto huchomolewa, pamoja na nyaya, na kila ncha huzibwa uchafu usiingie. Kisha winchi za mnyororo, zile mafundi wetu wanaziita cheni bloki, hufungwa kwenye pailoni, yaani mkono unaoishikilia injini chini ya bawa. Winchi zikishaubeba uzito ndipo boliti kuu zinatolewa. Ni chache kiasi cha kushangaza. Injini huteremshwa taratibu hadi kwenye stendi, fundi mmoja kila kona, wote wakimsikiliza mmoja tu.

Kupandisha mpya ni kinyume chake, ila kwa subira zaidi, kwa sababu matundu lazima yakutane sawasawa. Boliti hukazwa kwa spana inayopima nguvu, na fundi wa pili asiyekuwemo kwenye kazi hiyo hukagua upya. Mara nyingi kinachokula muda ni vikorokoro: mdomo wa mbele na vifaa kadhaa huvuliwa kwenye injini mbovu vikahamishiwa nzima.

Ndege ya injini nne si irudi tu na tatu? (Kampala)

Inawezekana, bila abiria na kwa kibali maalumu. Ya injini mbili hairuhusiwi kupaa na moja.

Septemba 30, 2017, Airbus A380 ya Air France, ndege ya injini nne, iliyotoka Paris kwenda Los Angeles ilipoteza feni ya injini namba nne juu ya Greenland, ikatua Goose Bay, Kanada. Iliondoka huko Desemba 6. Walifunga injini nyingine mahali pa ile iliyovunjika, lakini haikuwashwa. Ndege ikaruka na tatu hadi Ufaransa. Usione ni kichekesho. Bawa lile limesanifiwa likiwa na uzito na umbo la injini mahali pake. Kipande kikuu cha feni, cha titani, kilichimbuliwa kwenye barafu ya Greenland katikati ya 2019, nacho kilionyesha ufa ulioanzia ndani ya chuma.

Nakumbuka ndege ya shirika la Norwegian iliyokwama Iran. Tatizo lilikuwa injini au siasa? (Muscat)

Injini ndiyo iliyoitua, siasa ndiyo iliyoikalisha. Boeing 737 MAX hiyo iliondoka Dubai kwenda Oslo Desemba 14, 2018, ikatua Shiraz kwa hitilafu ya injini. Abiria waliondoka upesi. Ndege ilikaa hadi Februari 22, 2019, kwa sababu vipuri vyenye asili ya Marekani haviingizwi Iran bila kibali, kutokana na vikwazo. Wiki tatu hazikuisha, 737 MAX zote duniani zikasimamishwa, kwa sababu nyingine kabisa.

Mbona ndege za Air Tanzania zilisimama zikiwa nyumbani? (Mwanza)

Mwishoni mwa 2022 baadhi ya Airbus A220 zake zilikaa chini kwa sababu ya injini za Pratt & Whitney PW1500G, zilizohitaji matengenezo mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mashirika ya nchi nyingine yenye injini hizo yaliumia vilevile, wote wakipanga foleni kwenye karakana zile zile. Huko si suala la umbali. Akiba yenyewe haikuwapo.

Ikishafungwa, tunapanda? (Arusha)

Bado. Kwanza inazungushwa bila mafuta, kisha inawashwa na kuachwa ikinguruma polepole mafundi wakitafuta mvujo, halafu inapandishwa nguvu huku mtetemo ukipimwa. Vifuniko vinafunguliwa tena, wanaangalia tena, ndipo fundi mwenye leseni anatia sahihi. Mara nyingi ndege hurudi nyumbani tupu, na wewe umeshafika ulikokuwa unakwenda kwa ndege nyingine.