Range Rover ya milioni 45: maswali yenu na majibu yangu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu mashangingi ya Kiingereza, yaani Range Rover na Discovery. Yale ya kati ya 2005 na 2012 yameshuka bei hadi mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuyanyooshea mkono. Mimi nayapenda magari haya, na ndiyo maana roho inaniuma ninapoyakuta yamekufa uani kwenye gereji, nyasi zimeota mpaka kwenye rimu.

SWALI: Kaka, nina milioni 45 kamili. Nimeona Range Rover Vogue ya 2007, dizeli V8, na bei ni hiyo hiyo. Nichukue? (Mbezi Beach)

Usichukue. Gari lenyewe halina ubaya. Dizeli ile ya 3.6 ni kati ya injini nzuri zilizofungwa kwenye Vogue ya umbo la 2002 hadi 2012, na ningekuwa nachagua mimi ningeikimbilia hiyo kabla ya petroli yoyote. Kinachonitisha ni hilo neno "kamili". Gari limeshuka bei, spea zake hazijashuka. Kompresa ya hewa, pampu ya maji, mikono ya mbele, vyote bado vina bei ya gari lililotoka kiwandani Solihull, Uingereza, likiwa la matajiri. Ukimaliza pesa zote siku ya kwanza, mwezi wa pili huna ya kubadilishia oili ya giaboksi, na hapo ndipo gari linapoanza kufa.

Tafuta la milioni 30 na hizo 15 ziweke pembeni, usiziguse. Zitakwenda kwenye oili zote (injini, giaboksi, difu mbili), mipira ya maji, betri na tairi nne. Na kabla ya kulipa, dai risiti za sevisi. Muuzaji akikwambia lilikuwa la mzungu wa ubalozini na halijawahi kusumbua, mwambie akuonyeshe karatasi. Kama hana, hesabu kwamba sevisi haikufanyika na ushushe bei kwa kiasi hicho.

SWALI: Range Rover na Land Cruiser, ipi bora? (wengi mno)

Nimeshalijibu hili mara nyingi, na bado mnauliza bila kusema gari ni la kazi gani, linapita barabara gani, wala fundi yuko wapi. Ukiwa Mpanda au Kibondo, chukua Land Cruiser na mjadala uishe. Ukiwa Dar, Arusha au Nairobi, una fundi mwenye kompyuta ya Land Rover na una akiba, Range Rover itakubeba kwa utulivu ambao Land Cruiser VX haina.

Ila msichanganye uwezo na uimara. Range Rover ndiyo iliyoongoza upande wa magari kwenye mbio za jangwani za Paris–Dakar za kwanza, mwaka 1979. Discovery zilitoka Dar es Salaam zikafika Burundi kwenye mashindano ya porini ya Camel Trophy ya 1991. Huo ni uwezo, na sijaona mwenye akili anayeubisha. Kuwaka kila Jumatatu asubuhi kwa miaka 15 ukiwa na fundi wa chini ya mwembe ni habari tofauti kabisa.

SWALI: Discovery 3 yangu asubuhi naikuta imelala upande wa nyuma kushoto. Nikiwasha inapanda. Fundi anasema tung'oe mfumo wa hewa tuweke springi za chuma. (Sakina, Arusha)

Subiri kwanza. Nilikuwa gereji moja Sinza gari la namna hii lilipoletwa. Mwenye gari alikuwa ameshauziwa kompresa mbili, na zote ziliungua. Fundi kijana akalipandisha hadi kimo cha juu kabisa, akalishikilia kwa stendi, akachukua chupa ya maji ya sabuni na kulinyunyizia puto la nyuma, yaani mfuko wa mpira wenye hewa unaobeba gari badala ya springi. Mwanzoni hakikuonekana kitu. Kisha pale mpira unapojikunja kuingia ndani likatokeza povu dogo kama mate ya mtoto mchanga, likawa linakua taratibu. Gari likiwa chini ufa ule huuoni, mkunjo unauficha. Kompresa ilikuwa inahangaika kutwa nzima kufidia hewa inayotoroka, mpaka inaungua. Puto lenyewe hakuna aliyelipima.

Kwa hiyo anza na sabuni. Puto likivuja, badilisha yote mawili ya nyuma kwa pamoja, ubadilishe na rilei ya kompresa (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima), maana ni ya bei ndogo na ikiganda kompresa haizimi. Springi za chuma namwelewa mtu anayeishi porini mbali na mafundi. Wewe uko Arusha. Ukiweka chuma unapoteza uwezo wa kuinua gari, na kuinuka ni nusu ya ulichokilipia.

Na hili hukuniuliza: usiruhusu mtu yeyote aingie chini ya gari la puto bila stendi za chuma. Hewa ikitoka ghafla, gari linashuka lote.

SWALI: Taa zote za dashibodi zimewaka kwa pamoja: giaboksi, suspensheni, breki. Nimeambiwa niandae milioni nane. (Mwanza)

Pima betri kwanza. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, mita isome karibu volti 12.6. Ikiwaka, iende kama 14. Betri ikichoka, kompyuta za magari haya zinalalamikia kila kitu. Aliyekwambia milioni nane kabla ya kupima betri, usirudi kwake.

SWALI: Fundi ametoa themostati kwenye Range Rover Sport yangu ya petroli 5.0 ili isichemshe. Sasa inakunywa mafuta sana. Kwa nini? (Tabata)

Kwa sababu injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi, na inaendelea kumwaga petroli. Themostati, ile inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate joto, si pambo. Mchezo huu wa kuitoa ulizaliwa kwenye magari ya zamani, na umeua injini nyingi kuliko ulizookoa, kwa sababu chanzo cha kuchemsha kinabaki pale pale.

Kwenye injini yako chanzo mara nyingi ni mabomba ya plastiki yanayopitisha maji, mengine yamejificha chini ya supacharja na nyuma ya injini. Joto likiyala kwa miaka yanakauka, siku moja yanapasuka kama kauri, na maji yanaisha kabla mshale haujakuonya. Rudisha themostati. Badilisha mabomba yote pamoja na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja. Weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ya kiwango kinachotakiwa. Na tafadhalini, acheni kujaza maji ya bomba! Maji ya visima vya Dar yana chumvi, yanaila alumini ya injini kutoka ndani, na hakuna gundi itakayolirekebisha hilo.

Ukishachemsha, zima gari hapo hapo. Usiseme utafika nyumbani kwanza.

SWALI: Masika ikifunga Jangwani, Range Rover si inaweza kuvuka? (Magomeni)

Kitabu cha Range Rover ya umbo la 2012 kinaandika kina cha maji cha sentimita 90. Vogue iliyotangulia na Discovery 3 na 4 ni sentimita 70. Namba hizo ni za maji yaliyotulia, unakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na unajua chini kuna nini. Maji ya mto Msimbazi pale Jangwani yakifurika yanakimbia, yanabeba magogo, na mfuniko wa mtaro unaweza kuwa umeshaondoka. Gari la zaidi ya tani mbili, maji ya kasi yakifika mlangoni, tairi zinaanza kuachia lami. Usivuke. Nasema hivi kwa wenye watoto kiti cha nyuma.

Kama ulishavuka, fungua oili ya difu zote mbili. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwage leo.

SWALI: Nilikwama kwenye matope njia ya Kilosa na Range Rover yenye kila kitu, Prado ya 2005 ikanipita. Nimeibiwa? (Morogoro)

Angalia tairi zako. Kama una rimu za inchi 21 na tairi za lami, matope yakishajaza kashata (meno ya tairi) hakuna kompyuta itakayokuokoa. Shuka hadi rimu ndogo kabisa inayopita kwenye breki zako, uvae tairi za njia mchanganyiko. Halafu chagua gia nzito (ile ya nguvu nyingi na mwendo mdogo) na hali ya matope kabla ya kuingia, siyo ukiwa umeshazama hadi mlangoni.

Lakini usizidishe hadi kuvaa matairi ya trekta. Mwaka 1972 Waingereza walipitisha Range Rover mbili kwenye msitu wa Darien, kati ya Panama na Kolombia. Matairi makubwa ya kinamasi ndiyo yaliyozielemea difu zikavunjika, na walisubiri spea porini.

SWALI: Kuna jamaa ana Range Rover Sport ya 2021 kutoka Uingereza, bei nusu ya soko. Karatasi anasema zinakuja. (Kigamboni)

Achana naye leo hii. Uingereza magari hayo yanaibwa sana kwa kunasa mawimbi ya funguo, na mengine yamekamatwa huku kwetu Afrika Mashariki. Polisi wakilichukua, pesa yako haina wa kuirudisha.

SWALI: Ni kweli Discovery 4 ya dizeli inakatika shafti? (Dodoma)

Kweli. Kwenye dizeli V6 za 2.7 na 3.0, beringi za krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) zikizunguka kutoka mahali pake zinaziba njia ya oili, na shafti inakatika, mara nyingi bila taa ya kukuonya. Si zote, lakini sitakwambia ni uzushi. Uingereza oili ilipangiwa zaidi ya kilomita 20,000. Kwa vumbi letu na foleni zetu, badilisha kila 8,000 kwa oili sahihi. Uliza pia taiming belti ilibadilishwa lini, pamoja na ile ndogo ya nyuma inayozungusha pampu ya dizeli, ambayo mafundi wengi wanaisahau.

SWALI: Mwanangu, nina miaka 63, nalima mboga Lushoto. Mjukuu anasema ninunue Evoque. Njia ya shambani ni mwinuko na utelezi. (Mama wa Lushoto)

Shikamoo mama. Evoque ni gari zuri la mjini, ila halina gia nzito, na kuteremka ule mteremko wako mvua ikinyesha unahitaji gia nzito. Tafuta Prado 150 ya petroli 2.7. Ni zito kuondoka, mjukuu atalalamika, lakini gia nzito ipo, na hata mafundi wa Lushoto mjini wanaijua. Kama linatoka Japani, fundi alale chini alikague chesesi kwa tochi. Sehemu zao za theluji wanamwaga chumvi barabarani, na kutu huanzia kule ambako muuzaji hapigi picha.