Balbu ya wati 60 na kanuni ya Ohm: je, kanuni ya asili huvunjika?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nina balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 kwa volti 230. Niliipima kwa multimita ikiwa mezani, ikasoma ohm 65. Nikifuata kanuni ya Ohm, 230 kugawa kwa 65 ni ampea 3.5, yaani wati zaidi ya 800. Mbona haili umeme wote huo? Shuleni tuliambiwa kanuni za asili hazivunjiki. Hii imevunjika, au mita yangu ni mbovu?

JIBU: Marahaba. Mita yako ni nzima na hesabu umeipiga sawasawa. Ulichokiacha nje ni sharti ambalo kanuni hiyo haitoki bila nalo: joto lisibadilike.

Ohm, Mjerumani aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827, alionyesha kwamba katika waya wa metali mkondo hupanda sambamba na volteji. Ukizidisha volteji mara mbili, mkondo nao huwa mara mbili. Hapo watu wengi huchanganya mambo mawili. Kugawa volteji kwa mkondo ni namna tu ya kupata ukinzani, yaani kiasi ambacho kifaa huzuia mkondo, kikipimwa kwa ohm, na unaweza kufanya hivyo kwa kifaa chochote. Kanuni yenyewe inadai zaidi ya hapo: kwamba jibu la kugawa halibadiliki hata ukibadilisha volteji. Dai hilo ndilo linaloweza kupimwa, na ndilo lenye mipaka.

Balbu yako ikiwaka, wati 60 kugawa kwa volti 230 ni ampea 0.26, na ukinzani wake ni ohm 882 hivi. Hiyo ni mara 13 na ushei ya ulichopima mezani. Waya wa tungsteni ulioupima ukiwa na joto la chumba hufika zaidi ya nyuzijoto 2,300 za Selsiasi unapowaka. Atomi za metali hutikisika kwa nguvu zaidi kadiri joto linavyopanda, na elektroni hupita kwa taabu. Kwa hiyo balbu imetoka nje ya mipaka ya kanuni moja kwa sababu zinazoeleweka vizuri, wala haikuasi chochote.

Hizo ampea 3.5 pia zipo kweli. Zinapita kwenye sekunde ile ile ya kuwasha, kabla waya haujapata moto, kwa kitambo kidogo sana. Ndiyo maana balbu za aina hii hupenda kuungua pale unapobonyeza swichi: sehemu ya waya iliyokwisha kuliwa na kuwa nyembamba hupata moto kabla ya nyingine, ikakatika.

Ukitaka kujionea, usitumie umeme wa ukutani. Tafuta balbu ya gari ya volti 12, wati 5, na betri nane za volti 1.5 kwenye kishikio. Anza na betri mbili, kisha nne, sita, nane, na kila mara andika volteji kwenye miguu ya balbu pamoja na mkondo. Usikisie kwamba betri nne ni volti 6, kwani zikibebeshwa mzigo hushuka, pima. Mwishoni utakuta karibu ampea 0.4 na ukinzani wa ohm 29 hivi, ilhali balbu ikiwa baridi ilikuwa ohm chache tu. Kwa vipimo vidogo namna hiyo, gusanisha kwanza ncha za mita, usome ukinzani wa nyaya zake, kisha uutoe. Na ukimaliza kupima mkondo, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kupima volteji. Ukiusahau kwenye tundu la ampea unapiga shoti, na fyuzi ya mita inakwenda.

Rudia kipimo kwa rezista, kijisehemu kilichotengenezwa kuwa na ukinzani maalumu, ya ohm 100 ya wati 5. Kwa volti 12 inapitisha ampea 0.12 na haipati moto wa kutisha. Chora grafu zote mbili: ya rezista itanyooka, ya balbu itapinda.

Neno «sheria», ambalo wengine hulitumia badala ya «kanuni», linapotosha kidogo hapa. Sheria ya nchi inaamuru, na mtu anaweza kuivunja akaadhibiwa. Kanuni ya sayansi haiamuru kitu. Inaeleza uhusiano uliopimwa na kurudiwa, pamoja na masharti yake. Kipimo kikipishana nayo, kagua kwanza kifaa, kisha masharti, na mwisho kabisa kanuni yenyewe.

Kanuni zenyewe hazilingani uzito. Ya Ohm inahusu aina fulani ya vitu: taa ya LED haiifuati hata kidogo, na ndiyo sababu LED nyeupe ya volti 3 ukiiunga kwenye volti 12 lazima uiwekee rezista ya ohm 470 hivi ili mkondo ubaki chini ya miliampea 20. Lakini kanuni ya uhifadhi wa nishati, kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, haijawahi kukutwa na kighairi katika kifaa chochote. Kwa hiyo ukiletewa jenereta «inayojiendesha yenyewe», shaka yako iwe kubwa kuliko uliyokuwa nayo kwa balbu.

Na majaribio yake yapange kwa hesabu. Balbu ya wati 60 kwa saa 12 hula wati-saa 720, ambazo ni sawa na betri moja ya gari ya volti 12 yenye ampea-saa 60. Kwa hiyo kuwaka usiku mmoja hakuthibitishi kitu, maana betri moja iliyofichwa ndani inakaribia kutosha. Itenge jenereta hiyo na ukuta, ifungue uone ndani, kisha ibebeshe balbu hiyo kwa siku 7 mfululizo. Hapo inahitaji betri 14 za ukubwa huo, na hizo hazifichiki.